Nyungu ya Midomo Miwili

Shangazi yangu Bilonda hakuwa mtu wa kupendwa kirahisi. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani namsifu kwa kuwa amekwisha kufa. Alikuwa mkali na mchache wa maneno, na mkikutana alikutazama mikono kabla ya uso, akikadiria kama mikono hiyo inafaa kufinyanga. Wengi tulikadiriwa tukaachwa. Mimi mwenyewe niliachwa nikiwa msichana, siku nyungu yangu ya kwanza ilipokaa chini kama bibi aliyechoka safari. Nyungu ndilo jina tunalokiita chungu huku kwetu, upande wa Lualaba.

Alizaliwa na kuolewa katika kijiji kimoja, Kalwilu, kando ya mto, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Kolwezi. Kalwilu ilijulikana kwa nyungu. Nyungu za maji, nyungu za ugali, nyungu pana za kuchachushia munkoyo, pombe yetu nyepesi ya mahindi, zote zilitoka kwetu, na wanawake wa Lubudi na hata wa Mutshatsha walikuwa wakizifuata kwa treni. Sasa watu wana masufuria na wanaona wameendelea. Sawa. Lakini wakitaka maji ya baridi wakati wa jua kali wanakuja kuniomba mimi, kwa sababu nyungu moja ya shangazi bado iko pembeni mwa mlango wangu.

Katika ukoo wetu ufinyanzi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na haupindi njia. Bilonda aliupata kwa mama yake. Yeye naye alizaa binti wawili, na wote wawili walichukuliwa na surua katika masika moja, wakubwa tayari, mmoja akiwa ameshaanza kukanyaga udongo pamoja naye. Akabaki na mtoto wa kiume, Polycarpe. Kwa kazi ya nyungu mtoto wa kiume hasaidii kitu. Mwanamume akishika udongo kwetu watu humcheka mpaka auache. Polycarpe alikwenda shule ya mapadri, kisha akawa fundi wa mbao kwenye atelye, karakana ya kampuni ya migodi, huko Kolwezi. Mama yake aliendelea kufinyanga peke yake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza nani atamrithi.

Udongo wa Kalwilu ulitoka kwenye shimo moja bondeni, karibu kabisa na maji. Ulikuwa wa kijivu, laini, na ukiuonja kwa ulimi haukuwa na chembe ya mchanga. Shimo lile lilikuwa na sheria yake, na mlinzi wa sheria alikuwa shangazi. Hakuna mtu kuchimba akiwa na kinyongo. Kama umegombana na mtu, unamfuata kwanza, unachukua maji kinywani, unayapuliza chini, unasema waziwazi kilichokukasirisha, na ugomvi umekwisha. Ukificha hasira na kuchimba nayo, nyungu itapasuka motoni. Ndivyo tulivyofundishwa. Siku moja alimrudisha mama yangu mzazi, wifi yake, kutoka kwenye mdomo wa shimo na kikapu kikiwa kichwani, kwa sababu alijua mama yangu ana neno na jirani juu ya kuku. Mama alirudi kijijini analia kwa aibu. Kuku mwenyewe hakuwa na nyama ya kujaza kiganja.

Kisha wakaja watu wa bwawa.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, ingawa wakati huo hakuna aliyejua ni ya mwisho. Wazungu walitaka umeme wa migodi, wakajenga ukuta kuuzuia mto. Watu wa Kalwilu waliambiwa wahame, wakapewa mahali juu, kando ya barabara inayokwenda Kolwezi, penye ardhi nyekundu na vichuguu vya mchwa. Wengine walililia mashamba yao. Wengine walifurahi kuwa karibu na soko. Bilonda hakulia na hakufurahi. Alishuka shimoni siku baada ya siku, akachimba, akausafisha udongo wake, akauviringa mabonge makubwa kama vichwa, akayafunga kwa majani ya migomba na magunia, akayapandisha juu kwa kichwa chake mwenyewe. Maji yalipolifikia shimo, alisimama akayatazama, kisha akaondoka. Alikuwa na udongo wa miaka kadhaa kama ungetumiwa kwa akili.

Ila hakuwa na pa kuuweka. Nyumba za kijiji kipya zilikuwa bado miti mitupu na mvua ilikuwa inakaribia. Kwa hiyo mabonge yalipandishwa kwenye lori la mtu mmoja wa samaki na kupelekwa kwa Polycarpe, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni, yakapangwa nyuma ya jiko lake chini ya bati.

Nilikuwa jirani wa Polycarpe hapo kambini, kwani mume wangu alifanya kazi kwenye mashine za kuchimba, kwa hiyo ninayosimulia sikuyasikia kwa watu. Niliyaona juu ya ua.

Polycarpe alikuwa ameoa mwaka uliotangulia. Mke wake aliitwa Ngalula, binti wa watu wa Kasai. Baba yake aliletwa zamani kufanya kazi ya mgodi na hakurudi tena kwao. Alikuwa msichana wa kucheka kwa sauti, mwepesi wa kazi, na nyumba yake ilisuguliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Shangazi hakumtukana hata siku moja. Hakumtukana, hakumsifu, na hakumwita kwa jina. Alisema "muke ya Polycarpe." Akimtaka apitishe chumvi, alisema, "Muke ya Polycarpe, chumvi." Ngalula alipitisha chumvi. Watu wa kambini walidhani ni kwa sababu ya ukabila, na kwa kweli siku zile maneno ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni yalikuwa yameanza kunong'onwa. Mimi pia nilidhani hivyo. Tulikosea wote.

Siku mabonge yalipofika, Ngalula alikuwa sokoni. Aliporudi akayakuta, akamuuliza mumewe ni kitu gani. Polycarpe alikuwa anafunga viatu vya kazi. Akasema, "Ni bulongo ya mama, ameileta," akaenda zake. Wanaume! Angeongeza neno moja tu tusingekuwa na hadithi.

Sasa sikilizeni jinsi msichana yule alivyoelewa. Kwa watu wa mama yake Ngalula, mwana akioa, mama yake ndiye anayeleta udongo wa kutengenezea jiko la bibi harusi. Ndiyo namna yake ya kusema karibu kwetu. Ngalula alikuwa amengoja mwaka mzima udongo huo na haukuja, akawa amekwisha kukata tamaa. Halafu anarudi kutoka sokoni anaukuta nyuma ya jiko, tena si kikapu kimoja, ni rundo, tena laini namna ile, umefungwa kwa majani kama zawadi.

Alikuja kwangu mbio. "Mado! Mama ameniletea bulongo!" Mimi nilikuwa naosha nguo, sikuelewa anasema udongo gani, nikamjibu, "Ni muzuri," nikaendelea kufua.

Wiki hizo madamu wa foyer, wale waliofundisha wanawake kushona na kupika kizungu, walikuwa wametangaza shindano la nyumba safi. Nyumba za kampuni zilikuwa za matofali ya kuchoma, zote sawa, lakini jiko la nyuma kila mwanamke alijijengea kwa matofali mabichi ya udongo mwekundu. Ngalula aliyavunja mabonge, akayaloweka, akaongeza majivu kidogo, akalipaka jiko lake lote, ndani na nje, na mafiga pia. Kisha akachora kwa vidole mistari ya kwao, inayopishana kama kamba za kikapu. Kambi nzima ilikuja kuangalia. Madamu walikuja, wakapapasa ukuta, wakampa zawadi ya kwanza: beseni kubwa jeupe lenye mdomo wa buluu.

Shangazi alikuja Jumapili iliyofuata kuchukua mabonge ya kuanzia kazi. Ngalula alimlaki mlangoni, akamshika mkono. Kabla ya hapo hakuwahi kuthubutu kumshika.

"Mama, kuya uone. Bulongo yako njo hii! Aksanti sana, mama. Aksanti sana."

Shangazi alisimama mbele ya jiko. Akaweka kiganja chake chote ukutani, akakiacha hapo.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama. Sikubakisha hata kidogo."

Nilikuwa upande wa pili wa ua na nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yao wote. Shangazi aliondoa kiganja, akageuka, akatoka. Hakunywa maji. Alirudi kwa miguu mpaka kijiji kipya, na masika yote hakukanyaga tena kambini. Polycarpe alipomweleza mkewe, Ngalula alikaa chini jikoni akafunika kichwa kwa kitambaa chake. Aliniuliza, "Mado, juu ya nini hakunipiga tu?"

Nilimfuata shangazi mimi mwenyewe. Nilimwambia kitu ambacho hata mtu wa kufinyanga nyungu zinazokaa chini anakijua: udongo ambao haujapita motoni bado ni udongo. Utauponda, utauloweka, utarudi kuwa laini.

"Mama, tukwangue ile ukuta. Bulongo haiyapikwa bado."

"Mayi ikimwangika, unaizoa?" akasema. "Weye Mado, enda ku nyumba yako."

Maji hayazoleki, kweli, lakini udongo unazoleka, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Tatizo ni kwamba kuukwangua ukuta kulitaka kwanza kusema na mwenye ukuta. Hasira hasara, na kiburi ni ndugu yake wa damu.

Akaanza kufinyanga kwa udongo wa kijiji kipya. Alijaribu wa kwenye kichuguu, akajaribu wa kijito, akachanganya. Udongo mwekundu ule ulikuwa na mchanga na ulikuwa mkavu moyoni. Nyungu zilisimama vizuri, zilikauka vizuri, na zilipopelekwa motoni zikapasuka: paa, paa, unasikia mpaka barabarani. Wanawake wa Kalwilu walitazamana. Hakuna aliyesema mbele yake, lakini walilofikiri lilikuwa moja. Yule aliyewarudisha wenzake shimoni kwa ajili ya kuku sasa anafinyanga na kinyongo kama jiwe.

Mama yangu, ambaye hakuwa amesahau kikapu chake, alimwuliza kwa upole wenye miiba: "Wifi, una matata na mutu?"

"Mi sina matata na mutu," Bilonda akajibu. "Ni bulongo njo mubaya."

Mimi nasema ulikuwa udongo. Nasema hivyo hata leo. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akiupiga udongo ule alipoukanda, na sikushangaa kwamba haukumtii.

Kiangazi kilichofuata Ngalula alijifungua mapacha, msichana na msichana. Kila mtu alifurahi na kila mtu akaogopa, kwa sababu mapacha kwetu si jambo la kuchezea. Na hapo ndipo ugomvi wa ukuta ulipopata meno.

Kwa desturi yetu, mama wa baba ndiye anayewafinyangia mapacha nyungu yao. Ni nyungu ya tumbo moja na midomo miwili. Ndani yake hutiwa maji ya dawa ya kuwaogeshea, nayo husimama mlangoni. Mpaka isimame hapo, mapacha na mama yao hawavuki ua. Hainunuliwi, haiazimwi, na haifinyangwi na mwingine bibi akiwa hai. Polycarpe alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, na watoto alikwisha kuwaombea ubatizo, lakini hakuna Mkristo aliyeniambia kwamba angewatoa mapacha nje bila nyungu. Wote walisema mambo haya mawili hayagombani.

Shangazi alipopelekewa habari, alianza kazi siku ileile. Nyungu ya kwanza ya midomo miwili ilipasuka shingoni. Ya pili ilipasuka tumbo. Polycarpe alikwenda akapiga magoti mbele yake.

"Mama, sema naye. Neno moja tu."

"Nafanya nyungu," akasema. "Niache nifanye nyungu."

Wakati huo Ngalula alikuwa amefungiwa nyumbani. Nilimletea maji, nilimletea kuni, nilimletea porojo. Wiki zilipita. Kwa watu wake mama wa mapacha huimbiwa barabarani nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, anacheza, anatukanwa kwa furaha, anatukana naye. "Na mi niko hapa sawa kuku mu kitunga," aliniambia. Mtoto wa kwanza alinenepa. Wa pili hakunenepa. Alinyonya kidogo akalala, akanyonya kidogo akalala, na mikono yake ilikuwa miembamba mno. Madamu wa kupima watoto kwenye zahanati alituma mtu mara ya kwanza kwa tabasamu na mara ya pili bila tabasamu. Ngalula hakwenda.

"Unaogopa nini?" nikamwuliza. "Nyungu ni desturi ya kwetu, haina ya kwenu."

"Mado, nikitoka kabla ya nyungu, mama atasema nimemutukana mara ya pili. Mara moja ilitosha."

Alisema hivyo akimwangalia yule mdogo, na nikaona kwamba anaogopa kweli, anaogopa pande zote mbili, na nikamkasirikia shangazi yangu kwa moyo wangu wote. Nikiwa na hasira ile nisingeruhusiwa karibu na shimo lolote.

Habari ya nyungu ya tatu ililetwa na mwanamke wa samaki. Nayo imepasuka. Kesho yake asubuhi nilisikia mkwaruzo upande wa pili wa ua, kra, kra, kama panya mkubwa. Nikachungulia. Ngalula alikuwa amesimama mbele ya jiko lake la zawadi ya kwanza, na kijiko mkononi, anaukwangua ukuta. Alikwangua polepole, kwa kijiko na si kwa jembe, ili asichukue udongo mwekundu wa matofali chini yake. Mistari ya kwao ilikuwa inaanguka vipande vipande kwenye lile beseni jeupe. Mafiga aliyaacha, kwa kuwa yalikuwa yameshapikwa na moto.

Nilichukua kijiko changu nikaingia kwa mlango wa ua. Tulikwangua mpaka jiko likabaki jekundu na madoa, baya kuliko jiko lolote kambini.

Kisha akafunga mtoto mmoja mgongoni, akanipa yule mdogo. "Tunaenda," akasema.

"Utavuka ua?"

"Nitavuka."

Akajitwisha beseni akavuka. Wanawake wa kambi walisimama milangoni. Mama wa mapacha yuko nje, hana nyungu, ana beseni la vumbi! Mmoja wa watu wa kwao alianza kumwimbia moja ya zile nyimbo, kwa huruma nadhani, na Ngalula akajibu ubeti bila kugeuka, kwa sauti nzito. Tulifuata barabara ya kijiji kipya. Jua lilikuwa linachoma na udongo mkavu si mwepesi. Nilimwona shingo inatetemeka. Nilitaka kumpokea, akakataa. Mtoto niliyembeba hakulia njia nzima, na mimi nilikuwa nikimgusa mguu kila mara kuhakikisha.

Shangazi alikuwa uani kwake, amekaa kati ya vigae vya nyungu ya tatu. Alituona tukiingia. Nilimwona akihesabu kwa macho: mtoto mmoja, mtoto wa pili, mama yao. Akasimama.

"Nani alikutuma kutoka?"

Ngalula alipiga magoti pamoja na beseni, akalitua. "Hakuna mutu, mama. Bulongo yako iko hapa. Ile ilibakia kule ni matofali tu. Nyungu ya batoto itatoka wapi kama bulongo yake iko ku ukuta yangu?"

Shangazi alilitazama beseni.

"Mi nilifikiri uliniletea miye," Ngalula akasema. "Kule kwetu mama ya bwana njo analeta bulongo ya jiko. Nilingoja mwaka muzima. Nilifurahi, mama. Nilifurahi sana, njo nilipaka yote."

Shangazi aliinama, akachukua kipande, akakiweka kwenye ulimi.

"Uliweka majivu."

"Kidogo, mama."

"Majivu hayina mubaya."

Akakirudisha kipande. Kisha akaniambia nilete maji. Nilileta kikombe, nikidhani anataka kunywa. Alijaza kinywa, akaona Ngalula anamtazama bila kuelewa, akayameza, akamwambia ainuke. Akajaza tena, akayapuliza chini kati yao. Sheria inataka useme waziwazi, na Bilonda hakuwahi kuvunja sheria ile hata ilipomwelekea yeye.

"Nilikukasirikia juu ya bulongo," akasema. "Na kabla ya bulongo nilikukasirikia vilevile. Juu weye uko muzima, na batoto yangu banamuke balikufa. Kila mara ulikuwa unacheka, nilikuwa nasikia bale batoto. Iishe."

Mimi ni mpwa wake, nimemjua maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia akiwataja wale binti tangu wazikwe. Nililia, sioni haya kusema. Ngalula akachukua kikombe, naye akapuliza maji yake chini, vibaya, nusu yakamwagikia kwenye kanga.

"Na mi nilikukasirikia juu haukuniita jina yangu. Iishe."

"Ngalula," shangazi akasema, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Halafu akasema, "Leta ile mutoto mudogo nimuone."

Akampokea, akamgeuza, akamwangalia mikono, akamrudisha kwa mama yake anyonye palepale mbele yake, na akamwambia kwamba kesho ampeleke kwa madamu wa kupima, nyungu au hakuna nyungu. "Ulishavuka," akasema. "Mutu havuke mara mbili." Ndivyo ilivyokuwa. Walimpima, wakampa maziwa ya unga na maneno makali, na kidogo kidogo alishika nyama. Nani alimponya, maziwa au maji yaliyopulizwa, gombaneni wenyewe.

Udongo wa ukutani ulipondwa, ukachujwa, ukalowekwa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na shangazi hakuupa nafasi ya kukauka mara ya pili. Baada ya kuondoa takataka na masizi ulibaki wa nyungu moja tu, na hata hiyo si kubwa. Kijiji kilikuja kuangalia, kila mtu akijifanya anapita. Alijenga tumbo kwa mizingo, akalilainisha kwa ganda la kibuyu, akapandisha mdomo wa kwanza, mzuri, duara kabisa, mdomo wa Bilonda. Kisha akafuta mikono.

"Ngalula. Kuya hapa. Tia mukono."

Mama yangu aliguna kwa mshangao. Ngalula alinitupia mapacha wote wawili, akakaa. Alifinyanga mdomo wa pili akiwa ameuma ulimi kama mtoto wa shule, na kadiri alivyourekebisha ndivyo ulivyozidi kwenda upande. Ulipinda kama mdomo wa mtu anayesikia uongo. Akataka kuubomoa aanze upya. Shangazi akampiga kofi dogo kwenye vidole.

"Acha vile."

Waliingoja nyungu ikauke kivulini kwa siku zake. Kisha moto wa magome na nyasi ukawashwa mchana, na sote tukakaa tukisikiliza. Hakuna kilicholia. Shangazi aliitoa kwa mti mrefu ikiwa bado nyekundu, akainyunyizia maji ya magome, ikapiga mvuke na kuwa nyeusi inayong'aa. Akaigonga kwa kidole. Ikalia vizuri, sauti nzima.

Ilisimamishwa mlangoni pa Polycarpe mbele ya kambi yote, na mapacha wakapewa majina. Wa kwanza aliitwa kwa jina la upande wa mama, Mbuyi, na wa pili, yule mdogo, kwa jina la upande wa baba, Kabange. Nyimbo ziliimbwa ambazo katekista alijifanya hazisikii. Jiko halikupakwa tena.

Udongo wa kale ulikwisha na nyungu ile. Baadaye shangazi aligundua kwamba udongo mwekundu ukichanganywa na vigae vya zamani vilivyosagwa haupasuki, na nyungu za kijiji kipya zikaanza kutoka, nene kidogo, lakini nyungu. Hakusaga peke yake. Jumapili baada ya misa ulimwona Ngalula kwenye barabara ile, mapacha wawili na beseni jeupe, anakwenda.

Siku moja, miezi mingi baada ya hapo, nilikuwepo kwa Polycarpe alipokuja mama mmoja mfinyanzi, mzee, kutoka upande wa Lubudi, aliyekuwa akimjua Bilonda tangu ujana. Yeye na shangazi waliketi mlangoni wakinywa munkoyo. Yule mzee aliitazama nyungu ya mapacha, akaizunguka, akacheka.

"Bilonda, huu mudomo ni yako, nauyua. Lakini huu ingine, nani aliuharibisha vile?"

Shangazi alimalizia kikombe chake kwanza.

"Mutoto yangu mwanamuke," akasema.

Yule mzee, aliyekuwa amekuja kwenye mazishi ya wale binti wawili, aliupapasa ule mdomo uliopinda kwa kidole. Ndani ya nyumba Ngalula alikuwa anawacheka mapacha kwa ile sauti yake kubwa, na shangazi akageuza kichwa kidogo ili asikie vizuri.